Feni Iliyonyamazishwa

Mama Mshoni alikataa kushuka garini. Kamba iliyolivuta gari lake kutoka mlimani ilikwisha kufunguliwa, lori la mwanawe lilikwisha kuegeshwa nje ya lango, na fundi alikwisha kusimama kando ya mlango, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni kama mtu anayetaka kutawadha. Yeye alibaki palepale penye usukani, mkoba mapajani, mtandio umekazwa kidevuni, macho mbele, mithili ya abiria aliyelipa nauli kamili na asiyeona sababu ya kuteremshwa njiani.

"Mama, shuka," alisema mwanawe. "Tumefika mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa safari. Wa gari. Wa mambo yote. Shuka basi, jua kali."

"Jua hili nililikuta mimi kwanza, wewe ukaja baadaye. Halinitishi."

Fundi alikohoa ili kumeza kicheko. Alikuwa mtu mwembamba, mjuzi wa umeme wa magari, na mtaa mzima ulimwita Fundi Nyaya, kwa sababu hata miwani yake, iliyovunjika mkono mmoja, alikuwa ameiunga kwa waya mwekundu. Karakana yake ilikuwa ua mdogo uliozungushiwa mabati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili hadi ikakinai, na meza ya mbao iliyojaa balbu, soketi na vipande vya nyaya. Katika msumari wa ukutani aliutundika msala wake, ndani ya mfuko wa nailoni, usipate grisi.

"Bi mkubwa," alisema kwa adabu, "mimi sina ugomvi na kukaa kwako. Ila nataka kufungua boneti, na kishikizo chake kipo chini ya goti lako."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo." Mama Mshoni akakivuta kishikizo mwenyewe. Boneti ikaruka kidogo. Hakushuka.

Tangu kufiwa na mumewe, na baada ya eda kwisha, mama huyu alitenda jambo ambalo ukoo ulilijadili kana kwamba ni kesi ya mirathi: alikwenda kujifunza udereva. Gari dogo la marehemu lilikuwa limelala chini ya turubai, na wanawe walidhani litalala humo hadi kutu imalize kazi yake. Mama aliona vingine. Alikuwa na cherehani kadhaa katika chumba cha mbele, akishona sare za wanafunzi, na katika miaka yote ya kazi hiyo kila furushi lilimtegemea mtu. Mara mwana yuko safarini, mara mkwe ana udhuru, mara mwenye mkokoteni amepata mzigo mnono zaidi. Sare zilifika shule zimekwisha kufunguliwa, walimu wamenuna, na lawama zote zikamwangukia yeye. Alipopata leseni, furushi liliondoka siku ile aliyosema litaondoka. Ni hilo tu. Lakini kwa mtu aliyezoea kukaa kizingitini akisubiri honi ya mwingine, hilo tu lilikuwa ni ulimwengu mzima.

Mwanawe mkubwa hakuupenda ulimwengu huo. Alikuwa dereva wa malori marefu, wenzake wakimwita Kapteni, na aliamini kwamba barabara ina wenyewe, na kwamba mama yake si miongoni mwao. Asubuhi hiyo, gari lilipochemka mlimani na mvuke ukafoka kama chungu kilichosahaulika jikoni, mama alimpigia simu aje na kamba. Alikuja na kamba, na uamuzi akaja nao pia: gari liuzwe kama lilivyo. Dalali amekwisha kuambiwa, na baada ya adhuhuri atafika hapo karakanani kulichukua.

"Mota ya feni imekufa," Kapteni alimwambia fundi, akijipanguza jasho. "Nimeona mwenyewe. Injini inachemka na feni imekaa kimya kama mgeni wa mkwe. Gari la zamani hili, vipuri vyake vimekwisha kuwa hadithi. Wewe thibitisha tu, tumalize."

"Fundi hakuitwa kuthibitisha," alisema mama kutoka garini. "Ameitwa kutafuta. Nisikilizeni nyote wawili. Ikiwa gari limekufa, nionyesheni maiti, na ufunguo huu nitautoa kwa mkono wangu wa kulia, wala sitanung'unika. Ikiwa halijafa, nitatoka humu nikiliendesha, na neno la kuuza lisisikike tena masikioni mwangu."

"Mama, neno lako hilo?"

"Lini umenisikia na jingine?"

Kapteni akamtazama fundi, fundi akaitazama injini. "Bismillahi," alisema, akainama.

Alianza kwa kijiti cha kupimia oili. Alikichomoa, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena, akakiinua machoni. "Uliendelea kuendesha baada ya kuchemka?"

"Mshale wa joto ulipopita katikati nilisimama kando nikazima. Mshale uliwekwa pale kwa kazi gani? Mapambo?"

"Basi umejiokoa. Maji yakiingia kwenye oili, huwa rangi ya maziwa. Hii bado oili safi. Ungeng'ang'ana hadi kileleni, leo tungekuwa tunaisomea hitima."

"Bahati," alinong'ona Kapteni.

"Bahati haina macho," alijibu mama. "Mimi ninayo."

Fundi akatoa fyuzi ya feni, akaiinua mbele ya jua, akauona uzi wake mzima haujakatika. Akairudisha. Kisha akachomoa soketi ya mota, akachukua nyaya mbili ndefu, akazishika kwenye betri, na ncha zake akazigusisha kwenye mota yenyewe. Feni ikanguruma kwa ghafla, ikavuta hewa, ikaitupa nyuma, vumbi likapaa, na kofia ya Kapteni, aliyekuwa ameinama kuchungulia, ikaruka ikaangukia ndani ya beseni la oili chafu.

Mama Mshoni alichomoza kichwa dirishani. "Yule marehemu kafufuka, au ni mzuka?"

"Mota nzima kabisa, bi mkubwa," alisema fundi, akicheka waziwazi sasa. "Nzima kuliko mimi."

Kapteni aliokota kofia yake kwa vidole viwili. "Haya. Mota nzima, vizuri. Basi unga dairekti, yaishe. Ufunguo ukiwashwa tu, feni izunguke mfululizo. Dalali akija aikute inalia, atoe mkono wa kheri, kila mtu ashike njia yake."

Na Fundi Nyaya, kwa mazoea tu wala si kwa ubaya, alikwisha kunyoosha mkono mezani kuchukua waya. Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa ada ya karakana zote za mtaa ule: feni ikigoma, huulizwi imegomea nini; inaungwa moja kwa moja na umeme wa ufunguo, inazunguka asubuhi na jioni, kwenye baridi na kwenye mvua, mpaka mota ichakae ama betri ichoke. Nusu ya magari yaliyopita pale yalitoka yakivuma namna hiyo, na wenye magari wakashukuru.

"Weka waya huo chini, baba," alisema mama.

"Bi mkubwa, dairekti haina madhara makubwa. Watu wote—"

"Watu wote wana magari yao, mimi nina hili. Na wewe," alimgeukia mwanawe, "unataka nimuuzie Muislamu mwenzangu gari lenye donda lililofunikwa kwa kanga? Siku ya hesabu nikiulizwa, nitajibu kwamba dalali alikuwa na haraka? Sitaki dairekti. Feni yangu ilikuwa ikijua wakati wa kuzunguka na wakati wa kupumzika. Nani kaisahaulisha? Hilo ndilo ninalotaka kulijua."

Baba yake mama huyu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na aliwafundisha watoto wake mambo mengi kwa beti fupi ili yawakae vichwani. Sasa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejihesabia tasbihi, mama aliutoa mmoja:

"Kagua kwa taratibu,
usianze kwa kutibu,
uliza kwanza sababu,
kisha donda ulitunze."

"Mambo ya chuo hayo," alisema Kapteni. "Hapa ni gereji."

"Na wewe ulisomea wapi kusema na mama yako hivyo? Gerejini?"

Fundi akaweka waya chini, akairudisha soketi ya mota mahali pake. Hakuwa mtu wa kubishana na mashairi. Akakifungua kijisanduku cheusi karibu na betri, akamwomba mama awashe ufunguo bila kuwasha injini. Palitoka mlio mdogo, *tak*. "Rilei hiyo," alieleza, kwa kuwa mama alikuwa ameinua kidole kudai maelezo. "Ni swichi inayoifungulia feni umeme na kuifungia. Sensa iliyo chini ya rejeta inapima joto la maji, ndiyo inayoiamrisha rilei. Rilei umeisikia, inapiga. Twende kwa sensa."

Akalala chali juu ya kipande cha katoni, akajisukuma chini ya pua ya gari mpaka zikabaki miguu tu. Huko alikuwa na desturi yake: magari mengi aliyoyatengeneza, ukichomoa plagi ya sensa na kuuhadaa waya wake kwa kuugusisha kwenye bodi, feni hudhani joto limefika, huzunguka. Akachomoa. Akagusisha. Kimya. Akakwangua bodi kwa bisibisi mpaka chuma kikang'aa, akagusisha tena. Kimya kile kile.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika, na Kapteni aliusoma upesi.

"Niambie ukweli, fundi."

"Ukweli nimefika ukingoni," alisema Fundi Nyaya. Hakumtazama mama. "Fyuzi nzima, mota nzima, rilei inapiga, sensa haisemi kitu. Kuna hitilafu ndani ya nyaya za gari, na nyaya za gari hili zimepita pasipoonekana. Kuzisaka ni kulivua gari ngozi. Bi mkubwa, nisamehe. Ama dairekti, ama basi."

Kapteni alikwenda hadi dirishani. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake haikuwa na ushindi ndani yake. Alifungua kiganja. "Mama. Ulitoa neno."

Mama Mshoni alikitazama kiganja kile alichowahi kukiosha kilipokuwa hakitoshi kushika kijiko. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi. Alichokifanya kilimshangaza kila mtu: alifungua mlango, akashuka.

Alipita mbele ya kiganja bila kukigusa, akazunguka hadi kwenye boneti, akasimama ana kwa ana na fundi.

"Nilisema nionyesheni maiti. Wewe umenionyesha viungo vyote vizima na roho haijulikani ilipo. Hiyo si maiti. Nijibu swali moja. Mteja akikuletea gari, unamuuliza leo linafanya nini?"

"Ndiyo."

"Umekosea hapo. Cherehani ikinikatia uzi, siiulizi habari za leo. Nauliza jana ilikuwaje, na juzi nani aliigusa. Mbona hujaniuliza feni hii ilikuwaje kabla ya kunyamaza?"

Fundi alisukuma miwani yake juu ya pua. "Haya, bi mkubwa. Ilikuwaje?"

"Ilikuwa haikomi. Wiki iliyopita yote, nikiwasha tu ufunguo alfajiri, injini baridi kama jiwe la mtungi, yenyewe inanguruma. Majirani wakaniuliza kama nimenunua kinu. Nikalalamika nyumbani. Kisha siku moja nikarudi nyumbani kutoka msikitini, nikawasha, kimya. Nikasema alhamdulillahi, imepona. Na leo ndiyo mara ya kwanza kupandisha mlima tangu siku hiyo."

Fundi Nyaya alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbali. "Ilizunguka ikiwa baridi? Mfululizo?"

"Kiswahili changu ni kibaya?"

"Subiri. Subiri kwanza." Akashika kichwa. "Miye mjinga. Miye ni mjinga wa kuandikiwa cheti. Gari la zamani namna hii! Bi mkubwa, nilikuwa nikilisemesha lugha si yake. Magari haya mengine feni imelala, inasubiri kuambiwa zunguka. Hili la kwako halisubiri kuambiwa zunguka. Hili linasubiri kuambiwa nyamaza. Maji yakiwa baridi, sensa inaiambia: nyamaza, nyamaza, nyamaza. Yakipata moto sensa inaacha kusema, na feni inaamka yenyewe. Waliolibuni waliona mbali: waya ukikatika njiani, ni heri feni izunguke bure kuliko injini kuungua."

"Basi wiki ile iliyonguruma—"

"Waya ulikuwa umelegea mahali. Neno la 'nyamaza' halikufika. Ugonjwa mdogo, wa plagi tu. Lakini leo nimeichomoa plagi kabisa, na feni bado kimya." Fundi alikuwa amekwisha kupiga magoti. "Kwa hiyo kuna mdomo mwingine humu ndani unaoiambia nyamaza. Na mdomo huo si wa sensa."

Akaufuata waya kwa vidole, inchi kwa inchi, nyuma ya taa, kando ya betri, chini ya tangi dogo la maji. Kapteni alikuwa amesogea pembeni, anajishughulisha sana na kufuta kofia yake ambayo haikuwa na tumaini la kufutika.

"Huyu hapa!" Sauti ya fundi ilitoka kwenye uvungu wa taa. "Njoo uone, bi mkubwa. Mtu kauchubua waya huu katikati, kaukunja chini ya bolti ya bodi, kaukaza, halafu kaufunga kitambaa kama kidole kilichokatika. Hebu tazama kazi hii! Hapa ndipo feni ilipoambiwa nyamaza milele, moto uje usije. Aliyefanya hivi si fundi, huyu ni mzika watu hai! Mkono wake ufungwe kwa kitambaa hiki hiki, aende nao sokoni watu wamwone. Hana hata haya, waya kauchubua kwa meno!"

Mama Mshoni aliinama. Kitambaa kilikuwa kipande cha buluu ya sare, ukingo wake umekatwa kwa mkasi wa meno, ule wa kuzuia nyuzi zisifumuke. Mkasi wa namna hiyo, katika nyumba yake, ulikaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani ya tatu. Alikitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Hakusema. Kumsitiri mwenzio ni ibada, na kumsitiri mwana ni zaidi. Alijinyoosha tu, akamtazama Kapteni, na akaendelea kumtazama, huku fundi akiendelea kumlaani mtu asiyemjua kwa ufasaha unaozidi kukua, akaufikia ukoo wake, akafika kwa mwalimu wake wa hesabu.

"Inatosha, fundi," alisema Kapteni hatimaye. "Ni mimi."

Fundi akafunga mdomo. Kisha akaufungua. "Lakini kwa upande mwingine, fundo lenyewe limekazwa vizuri."

"Ulilalamika kelele, mama," Kapteni alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na sauti ya dereva wa lori. "Ulikuwa umechoka. Ulipokwenda kuswali nikafungua boneti nikajaribu hiki na kile, nikagusisha hapo, ikanyamaza. Nikadhani imepona. Nilitaka ustarehe."

"Nami nilidhani hivyo hivyo, nikashukuru," alisema mama. "Sote wawili tulifurahia kimya. Na kimya kingi kina mshindo mkubwa, mwanangu, wewe umekisikia leo kule mlimani."

Akamgeukia fundi. "Kata."

Fundi akakata. Ufunguo ulikuwa bado umewashwa, na papo hapo feni ikanguruma, injini ikiwa imezimwa. Akalala tena kwenye katoni lake, akasafisha plagi ya sensa, akakibana kimeno chake kilicholegea kwa koleo, akaichomeka hadi ikalia. Feni ikatulia. Akaunga waya pale ulipochubuliwa, akauzungushia utepe wa umeme, akajaza maji ya rejeta taratibu huku akiliminya bomba la juu ili hewa itoke.

"Sasa mtihani," alisema. "Tunawasha injini, tunangoja moto. Ikiwa sensa yenyewe nzima, feni itaamka bila ya sisi. Ikiwa mbovu..."

Mama akaingia tena penye usukani, akawasha. Kapteni akasimama dirishani, na fundi akainama kwenye boneti, mkono juu ya bomba la chini la rejeta. Mshale wa joto ulikuwa chini kabisa. Ukaanza kupanda kwa ule upole wa vitu visivyo na haraka wala huruma. Ulifika mahali pake pa kila siku. Ukasita. Ukapita.

"Mama, zima."

"Bado."

"Umepita katikati! Mwenyewe ulisema ukipita katikati unazima!"

"Kule nilikuwa peke yangu mlimani. Hapa nina fundi mkono wake upo kwenye bomba. Fundi?"

"Bomba la chini bado vuguvugu," alisema Fundi Nyaya, lakini kidevu chake kilikuwa kikidondosha jasho. "Sensa iko huko chini. Haijapata habari."

Mshale ukapanda unene wa uzi. Kapteni akapitisha mkono dirishani kuuelekea ufunguo. Mama Mshoni aliuweka wake juu ya ule wa mwanawe, akaushika, wala hakuuondoa wala hakuuacha uendelee. "Umeshainyamazisha mara moja," alisema. "Sasa iache iseme."

"Injini itaungua!"

"Itaungua ikiwa yangu."

"Bomba linapata moto," alisema fundi. "Moto... moto! Limeniunguza!" Akautoa mkono akautia mdomoni, na katikati ya kitendo hicho ukasikika mlio mdogo, *tak*, na feni ikaamka. Hakuna aliyeigusa. Ilivuma, hewa moto ikawapiga magotini, na mshale, baada ya kufikiri kidogo, ukaanza kushuka. Ulipofika chini ya katikati, feni ikajizima. Wakangoja. Ikawaka tena, ikajizima tena, kama kifua cha mtu aliyelala salama.

"Subhanallah," alisema Fundi Nyaya na vidole bado mdomoni.

Ndipo pikipiki ikaingia langoni. Aliyeiendesha alikuwa mtu mnene mwenye shati la maua, naye akaisimamisha papo hapo nyuma ya gari, akashuka akitabasamu, huku akizungusha kitu kwenye kidole cha shahada. "Asalaam alaykum jamaani. Kapteni, nimekuja kuchukua mzigo wangu. Aa, kumbe unawaka! Wewe uliniambia umekufa."

Mama Mshoni aliitikia salamu kwa ukamilifu wake, kama inavyopasa, kisha akakitazama kidole. Kilichokuwa kikizunguka ni ufunguo wa pili wa gari lake, ule uliokuwa ukikaa kwenye kabati la marehemu.

Alizima injini.

"Nikadhani tumewekeana shuruti, mwanangu," alisema. "Mimi nangoja kuonyeshwa maiti, kumbe kaburi lilichimbwa tangu asubuhi."

Kapteni hakuwa na pa kuyaweka macho.

Mama alishuka, akamwendea dalali, akanyoosha mkono. Dalali akautazama mkono, akamtazama Kapteni. "Mama, samahani, huu nimepewa na mwenye gari."

"Mwenye gari ndiye huyu aliyenyoosha mkono. Mkono wenyewe umeanza kuchoka."

Ufunguo ulishuka kiganjani bila ya maneno mengine. Mama akautia mkobani, akaufunga mkoba.

"Si feni tu, mama," Kapteni alisema. Alisema kwa haraka, kama anayemwaga kitu kabla hakijammwagikia. "Hata feni ingekuwa nzima ningetafuta jingine, nakiri mbele ya watu. Mimi barabara naijua. Naona yanayotokea. Kila nikipita nikaona gari dogo limelala mtaroni, moyo wangu unakimbia mbele ya lori, nadhani ni wewe. Nimechoka kuogopa."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Na mimi, kila ukiondoka na dude lile," alisema, akielekeza kidevu kwa lori lililoziba nusu ya lango, "sipati usingizi wa maana hadi nisikie breki zake mtaani. Miaka yote hiyo. Je, umewahi kuukosa ufunguo wako nyumbani kwangu?"

Kapteni aligeuka akalitazama lori lake.

"Kuogopa nakuruhusu, baba, maana anayekupenda atakuogopea tu. Niombee dua, nami nitakuombea. Lakini kunizuia sikuruhusu. Si leo, si kesho, wala siku hiyo utakapokuja na sababu iliyo nzuri kuliko feni. Siku macho yangu yatakaponiambia basi, nitayasikia mwenyewe, kama nilivyousikia mshale."

Akamalizana na fundi, akamwambia asisahau kuweka kitu kwenye kidole kilichoungua, akaingia garini. Sare zilikuwa bado zimejaa kiti cha nyuma, zimefungwa mafurushi, hazijalowa wala kukunjika. Dalali akaisogeza pikipiki yake pasipo kuombwa. Nyuma palibaki mwanya mwembamba, kati ya nguzo ya lango na tairi la mbele la lori, na wanaume wote watatu waliuona kwa pamoja, wakakimbilia nyuma ya gari wakainua mikono.

"Kata kulia, mama! Kulia kabisa!"

"Kushoto, bi mkubwa, kushoto kwanza, kisha nyoosha!"

"Njoo! Njoo! Njoo! Simama!" alipaza sauti dalali, ambaye gari halikuwa lake na halingekuwa.

Mama Mshoni akakanyaga breki. Akashika mpini wa kioo cha mlango, akauzungusha, kioo kikapanda hadi juu, na wale watatu wakabaki midomo inayofunguka na kufumba bila ya sauti. Akautazama upande wa kulia, akautazama wa kushoto, akasoma alichozoea kusoma kabla ya safari, akarudi nyuma kwa mstari mmoja mnyofu, akapita kati ya nguzo na tairi bila kugusa upande wowote. Alipokwisha kuingia barabarani na kuligeuza gari kuelekea mlimani, mwanawe alikuwa bado amesimama langoni, mkono juu, akimwonyesha njia ambayo hakuifuata.